Neno la Getini

Ukitaka kuijua nyumba ya watoto, usiitazame umesimama. Hayo ndiyo aliyokuwa akiwaambia walezi katika kila kituo alichopangiwa, na asubuhi ile alikuwa akiyatenda mwenyewe: viatu kavua, suruali kaikunja hadi magotini, beji ya ofisi kaitupia mgongoni isimsumbue, anatambaa sakafuni kwa mikono na magoti, mwanamke mtu mzima mwenye mvi zake mbili tatu. Alikuwa muuguzi kabla ya kuingia kazi hii ya kuwashauri wenye vituo vya kulelea watoto kuhusu afya na usalama. Watu wengi hudhani ni kazi ya kukaa kitini na kunyoosha kidole.

"Mshauri, umeangusha nini?" aliuliza mpishi wa kituo, kasimama mlangoni na mwiko wake.

"Sijaangusha kitu. Natafuta pa kufia."

"Mungu wangu!"

"Mtoto anayeanza kutembea ana pa kufia pengi kuliko mimi na wewe. Hebu ona." Akavuta kamba ya pazia iliyoning'inia karibu na kitanda kidogo. "Hii ikimzunguka shingoni, hata kulia hatalia. Ifupisheni, ifungwe juu." Kisha akaingiza mkono chini ya kabati, akapapasa, akatoka na betri ya duara, ndogo kama kifungo cha shati. "Na hii je? Akiimeza inamchoma koo kwa ndani kabla hamjapata gari."

Mpishi aliacha kucheka. Alikwenda kulipigia magoti kabati lile yeye mwenyewe, mwiko umo mkononi, na alipoinuka alikuwa na shanga, kipande cha penseli na karanga. Akavikabidhi kimyakimya kama mtu aliyefumaniwa.

"Sasa umekuwa mshauri," Mshauri akamwambia, na wote wawili wakacheka.

Alipendwa vituoni. Walezi walimwita Mshauri, watoto walimwita Shangazi Sabuni kwa kuwa jambo la kwanza alilowafundisha ni kunawa mikono mpaka wimbo uishe. Jina lake la kuzaliwa alikuwa nalo, limeandikwa kwenye beji, lakini hakuna aliyelitumia. Aliyelitumia mwisho ndani ya nyumba alikuwa mama yake mzazi, naye alishatangulia mbele ya haki. Tangu hapo alikuwa akirudi jioni kwenye chumba chake cha kupanga, anawasha taa, anasikia majirani wakiitana upande wa pili wa ukuta, nani kachukua ndoo, nani kala ukoko, naye anakula akiwa amesimama ili asiione meza yenye kiti kimoja. Kuna neno ambalo mtu hawezi kulisema akiwa peke yake, hata awe na mdomo wa namna gani, nalo ni abee. Lazima kwanza uitwe. Miaka ilikuwa imepita, na neno lile lilikuwa limekaa kooni mwake bila kazi.

Ndiyo maana bosi wake alipompa nafasi ya kuhamia wilaya ya mbali kabisa, akasimamie vituo vya huko, hakuona sababu ya kukataa. Jibu lilitakiwa siku hiyohiyo. Alikuwa ameshaamua: akimaliza ukaguzi huu atapiga simu aseme ndiyo. Atamuaga nani? Mwenye nyumba?

Uani, Mama Kituo alianza kuwaita watoto waje wanawe mikono kwa chakula cha mchana. Mama Kituo ndiye mwenye mahali pale, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kila mtoto alikuwa na picha yake juu ya msumari wa taulo yake, ili taulo na vikombe visichanganywe, na Mama Kituo alipenda kuwaita kwa picha hizo.

"Jogoo!"

"Naam!"

"Samaki!"

"Abee!"

"Ngoma!"

"Naam!"

Mshauri alibaki palepale sakafuni, kichwa kakiinamisha, akisikiliza vile visauti vikiitika kimoja kimoja. Aliona wivu. Wivu wa mtu mzima kwa watoto wa chekechea, akajionea haya.

"Mwavuli!" Kimya. "Mwavuli! We Mwavuli!"

Hapo ndipo alipoona, kwa kuwa alikuwa chini na wenzake wote walikuwa juu, miguu miwili myembamba chini ya meza ya kuchorea. Akatambaa hadi pale. Msichana wa miaka minne alikuwa amejikunyata, anajikuna tumbo kwa bidii.

"Hodi," Mshauri akanong'ona.

"Karibu, Shangazi Sabuni. Lakini usiwaambie."

"Siwaambii. Unawashwa?"

"Sana."

"Nionyeshe." Akaiinua fulana kidogo. Vilikuwepo vipele, vingine vyekundu, vingine vimeshajaa maji, vimetapakaa kama mvua ya kwanza kwenye vumbi. Akamgusa shingo, ikawa ya moto. "Ooh, mama wewe. Umepata tetekuwanga."

"Ni mbaya?"

"Ni mkorofi tu. Atakaa nawe siku chache halafu atakwenda zake. Ila hapa kwa wenzako haruhusiwi kukaa. Tutampigia mama aje akuchukue."

"Mama yuko mbali, kaolewa huko," mtoto akasema bila uchungu, kama anayesema mvua imekatika. "Mpigie baba. Baba hasikii simu akiwa ndani ya lifti. Basi mpigie bibi. Lakini bibi hapendi neno langu la getini."

"Neno gani hilo?"

Mtoto akamtazama kwa masikitiko. "Si ulisema ni siri? Ulitufundisha wewe."

Kweli alifundisha. Kituo fulani kiliwahi kumkabidhi mtoto kwa mtu aliyekuja na tabasamu na peremende, na mtaa mzima ukakesha ukimtafuta. Tangu siku hiyo alivishauri vituo vyote: kila mzazi achague neno moja, amwambie mkuu wa kituo na mtoto wake tu, na asiyelijua hachukui mtoto, awe malaika. Hata Mshauri mwenyewe hakuambiwa maneno yale, kwa kuwa hayakumhusu.

Lakini lile neno lifti lilikuwa limeshamgusa mahali. Akajikanya. Mafundi wa lifti wako wengi mjini.

Alimbeba mtoto hadi chumba kidogo cha wagonjwa kando ya geti, akamlaza kwenye godoro la mpira. Kisha akawaita walezi wote. "Nani hapa hajawahi kuugua tetekuwanga? Na nani ana mimba? Msione aibu, ugonjwa huu kwa mjamzito si wa kuchezea."

Walitazamana. Mpishi, polepole, akainua mwiko.

"Wewe!" Mama Kituo akashika kiuno. "Toka lini?"

"Nilikuwa nangoja nikwambie vizuri."

Vicheko na vigelegele vikalipuka, wenzake wakataka kumkumbatia, Mshauri akalazimika kupaza sauti mpishi akae mbali na chumba kile na aende kumwona daktari leo hii hii. Alisema hongera kama wengine. Kisha akarudi chumbani kwa mgonjwa wake, akafunga mlango, akakaa karibu na godoro.

Mama Kituo alichungulia baadaye. "Baba yake hapatikani. Nimempata bibi, yuko njiani. Maskini, hajawahi kufika hapa, miguu inamsumbua. Baba ndiye anayemleta na kumchukua kila siku, hana msaidizi mwingine. Mwanamume mtaratibu huyo, Mshauri, ungemwona. Anamsuka mtoto nywele mwenyewe, zinatoka kama waya za umeme lakini anasuka. Na neno lake! Linanichekesha mimi, basi tu siwezi kukwambia."

"Usiniambie," Mshauri akasema.

Geti liligongwa. Sauti ya mwanamke mzee ikasikika, nzito, inayojua kuamrisha: "Mjukuu wangu yuko wapi? Samahani, nimekawia, miguu hii."

Nimekawia. Mshauri alimjua mtu mmoja tu aliyelishikilia neno hilo. Alitoka nje polepole, na pale kwenye uwazi wa geti, nyuma ya mnyororo, alimwona mama aliyemkataa.

*

Zamani, akiwa muuguzi wodini, alinasa kwenye lifti ya hospitali akikimbilia zamu. Alipiga ukuta kwa viganja, akapiga kelele: "Nimechelewa! Jamani nimechelewa mimi!" Sauti ya kiume ikamjibu kutoka juu, gizani, tulivu kabisa: "Nimekusikia, Chelewa. Usiogope. Nakuja." Mlango ulipofunguka aliona kwanza mikono yenye mafuta ya mashine, kisha macho yanayocheka. Hakuitwa tena jina jingine na mwanamume yule. Chelewa, umekula? Chelewa, nimekusubiri mpaka nimeota mizizi. Kila alipoitwa aliitika abee, na kila alipoitika fundi yule alitabasamu kana kwamba kapewa zawadi.

Shida ilikuwa umri. Alimzidi kijana miaka minne, na mama wa kijana hakuwa mtu wa kufumbia macho hesabu. Siku aliyotakiwa kwenda kutambulishwa, mtoto mmoja wodini alipaliwa akawa hapumui, naye hakuweza kuondoka mpaka pumzi irudi. Alifika ukweni chakula kimepoa na wageni wameanza kuaga. Yule mama alimtazama kutoka unyayoni hadi utosini.

"Mwanangu anakuita Chelewa," alisema mbele ya watu. "Kakupatia. Umechelewa leo, umechelewa kuolewa, na utachelewa kuzaa. Mimi nataka wajukuu nikiwa bado nina macho ya kuwaona. Chelewachelewa, utakuta mwana si wako."

Mara ya mwisho walikutana yeye na fundi kwenye benchi nje ya hospitali.

"Mama hataki hata kulisikia jina lako," alimwambia. "Neno lenyewe kalifukuza nyumbani. Siku hizi hasemi mtu kachelewa, anasema kakawia."

Walicheka, kwa kuwa lilikuwa jambo la kuchekesha. Walicheka mpaka machozi, na yale machozi hayakukatika kicheko kilipokatika.

"Na wewe umemwambia nini?" alimuuliza.

Fundi alitazama mikono yake.

"Basi," akasema yeye, akaondoka. Baada ya muda alisikia kaoa, na chaguo lilikuwa la mama.

*

"Shikamoo, mama," Mshauri alisema sasa.

Mwanamke mzee alimtazama. Midomo ilicheza kidogo, marahaba haikutoka.

"Bibi wa Mwavuli, karibu," Mama Kituo akaingilia kwa furaha. "Huyu ndiye mshauri wetu wa afya, ndiye aliyegundua ugonjwa. Mnafahamiana?"

"Simjui," bibi akasema.

Mshauri aliinamisha macho. Hakupinga.

"Haya, mama, sitakuweka," Mama Kituo akasema. "Nipe neno tu nikufungulie."

"Neno gani?"

"Neno la kumchukulia mtoto. Baba yake hakukwambia?"

"Nimekuja na miguu yangu inavimba, mtoto anaumwa, wewe unaniuliza maneno? Mimi ndiye niliyemwogesha huyo mtoto siku alipozaliwa!"

"Sikatai, mama."

"Mwenyewe ananiita bibi! Mwite umuulize!"

"Hapa kila mwenye mvi anaitwa bibi, mama. Hata mimi wameshaanza."

"Bibi!" mtoto akaita kutoka chumbani. "Sema neno, bibi! Ni rahisi!"

Yule mama alishika chuma cha geti kwa mikono yote miwili. Ilikuwa dhahiri kwamba neno analijua, limo mdomoni, na analizuia kwa meno.

"Amekataa kulibadilisha," alinung'unika. "Nimemwambia chagua jingine, chagua sukari, chagua mlango. Amenijibu, mama, ukitaka kumchukua mwanangu utalisema. Mwanangu mwenyewe ananiambia hivyo."

"Sasa nifanyeje?" Mama Kituo akageuka huku na huku. "Kanuni ni kanuni. Basi kuna mtu yeyote hapa anayekujua, mama?"

Jua lilikuwa limesimama juu ya geti. Yule mwanamke mzee alimeza mate, akainua kidevu kuelekea kwa Mshauri.

"Muulize huyo," akasema.

"Si umesema humjui?"

"Mimi simjui. Yeye ananijua."

Mshauri alihisi kicheko kikimpanda kifuani, kisha kikageuka kitu kingine kabla ya kutoka. Miaka yote alikuwa amelala akiota mama huyu anahitaji kitu kutoka kwake. Katika ndoto zile alikuwa na majibu mazuri sana.

"Namjua," alisema. "Ni mama wa baba yake mtoto. Simtilii shaka."

"Basi nifungue?"

Angeweza kusema fungua. Mtoto ana homa, bibi ni bibi kweli, na hakuna kinachoharibika. Lakini ndivyo kila kosa linavyoanza vituoni, kwa mtu mwema kumjua mtu mwema. Alijiuliza kama inayosema ni kanuni au ni kidonda, na hakupata jibu safi.

"Kumjua kwangu si neno," akasema. "Kesho atakuja mwingine, nami nitasema namjua, na keshokutwa walezi nao watasema wanamjua. Nisamehe, mama. Lazima useme."

"Unanikomoa."

"Sikukomoi. Hata mama yangu angefufuka leo akasimama hapo ulipo, ningemwambia aseme neno."

Yule mama alimkazia macho, na kwa mara ya kwanza macho yale yalikuwa na swali ndani yake. "Wewe unalijua?"

"Silijui."

"Mwanangu hakukwambia?"

"Sijamwona mwanao tangu alipooa. Sikujua hata kama huyu ni mtoto wake mpaka uliposema umekawia."

Bibi akatazama pembeni. Uso wake ulikuwa umechoka, na Mshauri aliona alichokuwa hajakiona kwa sababu ya hasira: kwamba mama yule amezeeka, na nguo yake kaivaa akiwa na haraka, mshono umetokea nje. Hakuna mtu nyumbani aliyekuwepo kumwambia.

"Ngoja nimpake mtoto dawa wakati mnazungumza," Mshauri akasema, akawaachia wawili wale geti lao.

Aliingia chumbani, akaligeukia kabati la dawa lililofungwa juu ukutani, mbali na mikono midogo, kama alivyowashauri mwenyewe. Akatafuta losheni ya kutuliza muwasho. Nyuma yake alisikia mnong'ono.

"Sikusikia, mama," Mama Kituo akasema. "Pikipiki imepita."

Mnong'ono tena.

"Mama, nisamehe, masikio yangu na kelele za watoto hawa."

Na yule mama, aliyelifukuza neno lile nyumbani kwake miaka yote, akalipaza kwa hasira, kwa nguvu zote za kifua chake, mpaka likafika uani:

"Chelewa!"

"Abee," Mshauri akaitika.

Lilitoka lenyewe. Lilitoka laini, kwa sauti ya zamani, ile ya msichana kwenye lifti, na mkono wake ulikuwa bado kabatini. Alipogundua alichokifanya alishindwa kugeuka.

"Ndilo!" Mama Kituo alikuwa akicheka, mnyororo unalia mikononi mwake. "Ndilo hilo! Baba yake nilipomwambia chagua neno hakufikiri hata kidogo, kalitoa kama mtu anayejibu salamu. Na akifika wa mwisho jioni namtania, fundi, neno lako limekupata..." Alimtazama bibi, akatazama mgongo wa Mshauri, akaacha utani, akalisukuma geti.

"Shangazi Sabuni," mtoto akasema kutoka godoroni, "mbona umeitika? Hilo ni neno langu."

"Samahani, mwanangu." Alifuta macho kwa mkono wa nguo. "Nilidhani naitwa."

Bibi alikuwa ameshaingia, kasimama kizingitini, anapumua kwa taabu. Alimtazama mwanamke yule aliyechuchumaa akimpaka mjukuu wake dawa, kipele kimoja baada ya kingine, bila haraka, akivipuliza ili visiume.

"Marahaba," alisema hatimaye.

Mama Kituo aligeuka kuona nani kaamkia. Mshauri alijua. Hakuinua kichwa, ila tone la losheni lilimponyoka likadondoka sakafuni.

"Akiwa na homa umpe dawa ya maji ya kushusha homa, hii niliyoiandika hapa kwenye chupa," alisema kwa sauti ya kazi, kwa kuwa ndiyo sauti pekee iliyokuwa ikimtii. "Aspirini usimpe kabisa, mama. Asirudi hapa mpaka vipele vyote vikauke vifanye magamba. Na kucha zikatwe fupi, asijichune akapata makovu."

"Kucha," bibi akarudia.

"Ndiyo. Fupi kabisa."

"Macho yangu hayaoni kucha ndogo hivyo."

"Baba yake atamkata."

"Baba yake ana mikono ya spana. Alimkata mwezi uliopita, mtoto kalia mpaka majirani wakaja." Bibi alijishughulisha na kumvisha mtoto viatu, kushoto kuwa kulia. Mshauri akavibadilisha bila kusema. Vichwa vyao vilikuwa karibu. "Niliomba wajukuu," yule mama akasema chini chini, kwa viatu vile. "Nikampata mmoja. Mama yake hakutaka kukaa nasi. Sasa jioni tunakaa watatu, mwanangu haongei. Anakula, anaosha sahani yake, anaingia chumbani. Si kwamba ana hasira. Hana la kuniambia."

Mshauri alitaka kusema pole. Alitaka pia kusema, sasa unajua. Akakifunga kiatu kwa fundo mara mbili.

"Nyumba ni ileile," bibi akaongeza. "Anatoka kazini jioni."

"Mama..."

"Sijasema nimekupenda."

"Sijasikia ukisema hivyo."

"Nimesema kucha."

"Ndiyo, mama. Kucha."

Mwanamke mzee akamshika mjukuu wake mkono, wakatoka. Mtoto alipunga mkono uliojaa vidoa vya dawa. Mshauri aliwasindikiza mpaka getini, akasimama akiwatazama wakiufuata ukuta wa barabara kwa mwendo wa miguu inayouma. Hakujua kama ameitwa au amerushiwa neno tu. Mtu aliyekaa peke yake sana hukosa uhakika wa mambo hayo. Hata mlango wake ukigongwa hudhani ni wa jirani.

Simu yake ikaita mfukoni.

"Nangoja jibu lako," bosi alisema. "Gari la kukubebea vitu nimeshaliulizia. Ni ndiyo au siyo?"

Alifungua mdomo. Ile ndiyo ilikuwa tayari, aliitayarisha tangu asubuhi. Nyuma yake kulikuwa na ukaguzi ambao haujaisha, kamba ya pazia, jiko ambalo bado hajaliangalia. Mbele yake wale wawili walikuwa wamefika kwenye kona. Yule mama akasimama. Akageuka, kashika kiuno, akamtafuta kwa yale macho yasiyoona kucha.

"Jioni hii!" alipaza sauti kutoka kule. "Usi..." Akakwama. Mshauri alimwona akipambana, akilitafuta lile neno lingine alilolizoea, kisha akiliacha. "Usichelewe!"

"Nani huyo anapiga kelele hivyo?" bosi akauliza. "Nisikilize mimi kwanza. Unakwenda au huendi?"

"Samahani, bosi," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika kiasi kwamba yule bwana alidhani kakosea namba. "Naitwa."